Diski Iliyojiita Nzima

Mjomba alileta kompyuta yake Jumamosi moja asubuhi, kasha limefunikwa kanga. Kichochoro chetu cha Kibokoni tuktuk haipiti, kwa hiyo alishuka njiani akalibeba begani hadi mlangoni, akaliweka juu ya meza ya kulia chakula kabla hata ya kujibu salamu.

“Mwanangu, hii yagonga,” alisema. “Yawaka, yakwama, kisha yagonga tik, tik. Kijana wa dukani ataka kuifomati. Nikamwambia ngoja kwanza, nina mpwa.”

Mpwa ndiye mimi. Nilisoma kompyuta chuo kikuu miaka miwili, ada ikanishinda, nikaacha. Sasa naandika makala za watu kwa malipo ya kipande kwa kipande. Lakini kwenye familia yetu miaka ile miwili haijafutika: kila simu iliyoingia maji na kila laptopu iliyogoma huishia kwangu. Siku hiyo nilidhani ni yale yale. Kisha Mjomba akaketi, akateremsha sauti, akasema, “Ile kaseti ya bibi yako imo humo.”

Ile kaseti nilikuwa naijua kwa kusikia habari zake. Mwaka 1987, kwenye harusi ya jirani, bibi yangu aliongoza vugo. Msomaji wa bara huenda haijui: ni ngoma ya wanawake katika harusi za pwani, pembe zikigongwa kwa vijiti, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Mwanamke mmoja alikuwa na redio ya kaseti, akabonyeza kitufe chekundu. Kaseti ikakaa kabatini karibu miaka ishirini, ikaanza kuota ukungu kama kila kitu kinavyoota ukungu katika nyumba hizi za mawe zenye hewa ya chumvi. Mwaka 2006 Mjomba, ambaye alikuwa akihamisha kaseti za watu kwenye CD, akapewa aitie kwenye kompyuta. Akina mama walimpa masharti mawili: asiisikilize, kwa sababu ndani mna sauti za wake za watu wakiwa peke yao, na asiitolee nakala. Akaihamisha spika zikiwa zimezimwa, akitazama mstari wa sauti tu unavyopanda na kushuka. Kaseti yenyewe ilikatika siku chache baadaye. Bibi alifariki mwaka 2011.

Kwa hiyo sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya lile kasha lililofunikwa kanga, na kasha lilikuwa linagonga.

Nilipoiwasha, kabla hata Windows haijatokea, kompyuta iliandika kwa herufi nyeupe kwamba hali ya SMART ya diski ni sawa. Mjomba alikuwa akisoma nami begani. “Si hiyo? Yasema nzima.” Windows ikachukua dakika kumi na moja kufunguka. Nikaweka fleshi, nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa za afya ya diski. Yenyewe ilionyesha rangi ya manjano na neno la tahadhari. Diski ni ile ile na dakika ni zile zile, lakini hukumu zilikuwa mbili.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa ilikuwa IBM 350, ya mwaka 1956, sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ina upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5, chini ya nyimbo mbili za MP3 za leo. Kwa miaka mingi iliyofuata, diski ilikuwa haisemi chochote kuhusu nafsi yake. Ilifanya kazi mpaka siku iliyokataa. Mwaka 1992 IBM walianza kuuza diski zilizoweza kupima mwenendo wao na kutoa onyo kabla ya kufa, lakini jibu lilikuwa la aina mbili tu: niko sawa, au nakaribia kuharibika. Mwaka 1995 Compaq, wakishirikiana na watengenezaji wa diski, walikuja na mfumo wao wa kufichua vipimo zaidi, wakaupeleka kwenye kamati ya viwango. Kutoka hapo ikazaliwa SMART, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya teknolojia ya kujichunguza, kuchambua na kuripoti.

Sasa sikiza, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. SMART ina tabaka mbili. Ya chini ni hesabu: diski imewaka saa ngapi, ina joto gani, imeharibika sehemu ngapi. Ya juu ni hukumu: kila hesabu hugeuzwa kuwa alama, mara nyingi ikianzia 100 na kushuka, na alama ikiangukia kikomo fulani ndipo diski husema imefeli. Kikomo hicho huwekwa na kampuni iliyotengeneza diski hiyo hiyo. Kwenye diski ya Mjomba, kipimo cha sehemu zilizoharibika kilikuwa na alama 89, na kikomo ni 36. Kwa hesabu ya mwenyewe, bado ilikuwa na safari ndefu. Ile sentensi nyeupe ya mwanzo ilikuwa inasoma hukumu. Programu ya manjano ilikuwa inasoma hesabu.

Nikazisoma hesabu na mimi. Mstari wa 09, saa za kuwashwa, uliandikwa 5F3A. Mjomba akacheka: “Hiyo namba au nambari ya gari?” Ni namba, ila kwa mfumo wa kumi na sita ambao programu ile huutumia mpaka uibadilishe mwenyewe, ambapo baada ya 9 zinakuja herufi A hadi F. 5F3A ni 24,378. Kwa saa kumi kila siku, hiyo ni karibu miaka saba. Umri wa diski kuchoka, lakini si lazima kufa.

Mstari wa 05 ulisema 1C8, yaani 456. Hizi ni sekta zilizohamishwa. Fikiria nyumba ya zamani ya Mji wa Kale yenye vyumba vingi vya kupangisha na vichache vya akiba huko nyuma. Chumba kimoja kikianza kuvuja, mwenye nyumba humhamishia mpangaji kwenye chumba cha akiba, anafunga ule mlango wa zamani kwa msumari, wala hamwambii mtu. Ukija kumtafuta mpangaji unaelekezwa kwake moja kwa moja. Diski hufanya hivyo hivyo. Ilikuwa imefunga milango 456 na hatukuwa na habari.

Mstari wa C5, ambao programu nyingine huuita 197, ulisema 28. Hizi ni sekta zinazosubiri. Diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na haiwezi kumhamisha mpangaji kwa sababu haimpati. Inasubiri: labda siku moja isomeke, au mtu aandike kitu kipya juu yake. Mstari wa 05 unahesabu vilivyoponea kwa kuhama. C5 unahesabu vilivyopotea mpaka sasa. Niliisoma ishirini na nane, nikajiambia si mbaya. Nusu saa baadaye, nikiwa natafuta chaja jikoni, ndipo nilipokumbuka kwamba mstari huu nao umeandikwa kwa mfumo ule ule. 28 ni 40.

Mstari wa C7 ulikuwa sifuri. Ungekuwa mkubwa ningeshuku waya unaounganisha diski, kitu cha bei ndogo, na pengine makala hii isingekuwepo.

Je, 40 ni nyingi? Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya laki moja. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la kusoma wakati wa ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Hilo peke yake lilitosha kunitoa jasho. Lakini utafiti huo huo ulisema jambo la pili ambalo watu hulisahau: zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote kwenye vile vipimo vinne vyenye nguvu. Zilikufa na karatasi safi mkononi. Namba mbaya ni onyo la kweli. Namba nzuri haikuahidi kitu.

Yote haya niliyajua Jumamosi ile. Na bado nilikosea.

Saa nne usiku, Mjomba ameshakwenda kwake, Windows ilitoa ujumbe kwamba imekuta hitilafu kwenye diski, je, irekebishe? Nilikuwa nimechoka, na neno lile kurekebisha lina utamu wake. Nikabonyeza ndiyo, nikalala. Kazi hiyo ilipita kila sekta ya diski, nzima na mbovu, ikirudia na kurudia zile zisizosomeka, ikikisukuma kichwa cha kusomea kwenye sehemu zilizochubuka usiku kucha. Ni kazi inayofaa diski yenye afya iliyozimwa vibaya umeme ulipokatika. Kwa diski inayokufa ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa moyo ngazi za Leven ili umpime mapigo. Alfajiri C5 ilisema 78, yaani 120. Tik, tik ilisikika mpaka barazani.

Niliizima. Nikamtumia Mjomba ujumbe kwamba bado naitazama. Huo ulikuwa uongo, na alijua, kwa sababu alipokuja adhuhuri hakuuliza kitu, alikunywa chai tu.

“Mjomba,” nikamwambia, “hii haitengenezeki. Njia ni kunakili kila kitu kwenye diski nyingine, na ile sauti nayo. Na mimi nitabidi niisikilize, kuhakikisha imetoka.”

Alikaa kimya. Kunakili ndilo neno lililomkaba. Kwa miaka yote alikuwa na fleshi, alikuwa na CD tupu kwa mamia, na hakuna hata siku moja aliyotoa nakala ya faili ile. Si kwa uzembe. Alikuwa ametimiza ahadi, na ahadi ndiyo iliyotufikisha pale.

Nilimuelewa, kwa sababu mji huu una historia na nakala, na historia hiyo ina pande mbili. Mtazame Muyaka bin Haji. Alizaliwa Mombasa karibu mwaka 1776, akafariki karibu 1840, na alitunga wakati Wamazrui wakivutana na Sayyid Said, mvutano uliokwisha mwaka 1837 kwa Wamazrui kuipoteza Ngome. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu. Watu hufa. Miongo kadhaa baada ya yeye kuondoka, mwanazuoni wa hapa hapa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alizunguka akiyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu kabla waliyoyakumbuka hawajaisha. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyeyanakili na kuuliza maana ya kila neno. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka 1940 William Hichens alitoa diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Profesa Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake kutokana na hazina hiyo hiyo. Bila Mwalimu Sikujua tusingekuwa na Muyaka zaidi ya jina na mistari michache ya kubahatisha.

Huo ni upande wa kwanza. Wa pili ni kwamba karatasi za Taylor ziko London, kwenye maktaba ya SOAS. Mtoto wa Kibokoni anayetaka kuzishika karatasi zenyewe aombe viza. Muziki nao ulifuata njia hiyo hiyo. Kaseti za taarabu za harusi ziliuzwa kwenye maduka ya Mji wa Kale zamani, zikachakaa zikatupwa, na mwaka 1990 lebo ya Globestyle ya London ikatoa Mombasa Wedding Special ya Maulidi na kundi lake. Leo kuipata rekodi hiyo safi ni rahisi kuliko kupata kaseti moja nzima ya enzi zile hapa Kibokoni. Kinachonakiliwa huokoka, lakini aliyekinakili ndiye anayeamua kitakaa wapi. Akina mama wa 1987 hawakuwa wamesoma habari za Taylor. Walijua tu kwamba sauti ikishatoka mlangoni hairudi.

“Nimpigie mama mkubwa?” nikauliza. Mama mkubwa ndiye dada yao wa kwanza, na alikuwepo kwenye harusi ile.

Alipokea akiwa Likoni, kelele za feri nyuma yake. Nilimweleza kwa maneno niliyoweza: bibi yuko ndani ya sahani inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, sahani inachubuka, tuna siku chache au tuna saa chache. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwalimu wangu wa chuo aliyewahi kuniuliza: “Na nakala ataishika nani?” Nikasema yeyote atakayemtaja. Akasema atarudi. Alipiga tena baada ya sala ya alasiri, ameshazungumza na wenzake watatu waliobaki hai. Nakala tatu, kwa wanawake watatu waliotajwa kwa majina. Isipande mtandaoni. Na ile diski ya zamani ifutwe isibaki hata chembe.

Usiku huo sikugusa Windows tena. Niliiwasha kompyuta kwa Linux kutoka kwenye fleshi, nikachomeka diski mpya ya nje, nikatumia ddrescue, programu ambayo Antonio Díaz Díaz alianza kuitoa mwaka 2004. Uzuri wake ni adabu yake. Hainyang'anyani na sehemu mbovu. Hupita kwanza ikichukua kilicho rahisi, ikikuta inakwama inaruka na kuandika kwenye daftari lake ilipoacha, na ikishamaliza vyote vyepesi ndipo inarudi polepole kwenye vigumu. Umeme ukikatika, inasoma daftari na kuendelea. Hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa hatua yangu ya kwanza, na namwandikia hapa yeyote ambaye diski yake ina C5 isiyo sifuri: nakili kwanza, utafiti baadaye. Usirekebishe, usifomati, usijaribu tena kuona kama imeacha. Kama inagonga na hakuna unachoweza kukipoteza ndani yake, izime kabisa umtafute mwenye vifaa.

Diski nzima ya gigabaiti 500 ingemaliza kwa saa mbili au tatu. Yetu ilichukua usiku na mchana uliofuata, nami nimeielekezea feni ya mezani. Mwisho daftari likasema kilobaiti 52 hazikusomeka. Hapo sikuwa na amani bado, kwa sababu kilobaiti 52 zaweza kuwa nafasi tupu, na zaweza kuwa bibi. Nikaziagiza zile sehemu zisizosomeka zijazwe neno moja la alama, kisha nikalitafuta neno hilo kwenye mafaili yote. Lilikuwa kwenye picha nne za harusi za wateja wa Mjomba, kwenye vipande vya Windows, na mara moja, baiti 4096, kwenye faili ya vugo.

Mjomba alitoka mwenyewe akaenda barazani. Nikavaa hedifoni.

Sitaeleza nilichosikia, kwa kuwa sikupewa ruhusa ya kueleza. Naweza kusema ina dakika 58. Naweza kusema kwamba kwenye dakika ya 17 sauti inakatika, robo ya sekunde, kama mtu aliyemeza mate katikati ya neno, kisha inaendelea. Robo hiyo huenda ni ile niliyoila mimi usiku wa kurekebisha. Sina namna ya kujua, na nimeacha kujiuliza kila siku.

“Yasikika?” Mjomba aliuliza kutoka nje, bila kugeuka.

“Yasikika.”

“Yote?”

Nikasema yote, ila kitone. Akasema alhamdulillahi. Hakuuliza sauti yake ilikuwaje. Alikaa pale barazani mpaka adhana ya magharibi, na mimi nikahesabu kwamba ana miaka sitini na mbili, aliitunza sauti ya mamake kwa zaidi ya miaka kumi na tano ndani ya chumba chake cha kazi, na hajaisikia.

Ilibaki diski ya zamani. Niliifuta kama mama mkubwa alivyoagiza, kwa kuandika sifuri kila mahali, kisha kwa mazoea nikafungua tena ile orodha. C5 ilikuwa imerudi 0. Nilipoandika juu yao, wale 120 waliokuwa wakisubiri walipata hukumu: wengine walikubali kuandikwa, wengine milango yao ilifungwa, ndiyo maana mstari wa 05 ulipanda hadi 1F7, yaani 503. Na kompyuta ilipowaka, ile sentensi nyeupe ikatokea kama kawaida: hali ya SMART ni sawa.

“Basi imepona,” alisema Mjomba. “Twaweza kuiuza. Kuna kijana ataka diski ya kamera za dukani.”

Nilimwonyesha namba mbili, ya jana na ya leo, nikamweleza kilichotokea kati yake. Aliinyanyua diski, akaigeuza, akaipuliza vumbi. Kisha tukaiteremsha kwa fundi seremala wa milango hapo chini, akaitoboa mashimo matatu kwa drili. Hakutulipisha.